Desibeli Moja na Ushei

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kuanzia neno hili mpaka nukta ya mwisho. Chumvi sikutia. Kopo la chumvi lenyewe nimelipandisha juu ya kabati, ili hata mkono ukiwasha nisilifikie. Na nikipatikana na uongo hata wa ukubwa wa punje ya mtama, nitalipa papo hapo, mbele ya kila mtu, bila kuomba muda.

Basi, palikuwa na mwalimu wa fizikia. Mwanamke mfupi, mwenye hatua za haraka, aliyezoea kuchomeka penseli kwenye nywele zake kisha kuitafuta darasa zima. Mwalimu huyu alikuwa na dishi. Usifikirie visahani vile vya kunasia televisheni. Hili lilikuwa dishi la haja, upana mita tatu, la wavu wa alumini, lililoachwa yatima na kituo cha simu kilichofungwa. Aliyelipata ni baba yake, fundi mitambo mstaafu, aliyejifunza redio kwa kuzifungua na kushindwa kuzifunga. Mzee alikwenda kuliomba, akapewa, akaliviringisha barabarani peke yake kama mtoto na tairi, magari yakimpisha, mpaka langoni mwa shule. Alikuwa mzee mtanashati, wacha ukweli usemwe, kifua mbele, kipara kinang'aa kiasi kwamba ndege waliopita juu walishuka kujitazama.

Dishi likapandishwa juu ya paa la maabara, paa la zege, bapa kama meza. Likakaa hapo muhula mzima likitazama mbinguni, na kila aliyepita barabarani akauliza kama ni la kuanikia samaki.

Siku moja mkuu wa shule akapanda ngazi, amekunja gauni lisishike kutu, akasimama mbele ya dishi kama mtu aliyekuta mgeni asiyemwalika.

"Mwalimu, hili sinia linafanya kazi gani?"

"Linasikiliza, Mkuu."

"Linasikiliza nini?"

Mwalimu hakuwa mtu wa kudanganya. "Kwa sasa, kelele tu."

"Kelele ninazo za bure kidato cha kwanza." Mkuu akaonyesha kwa kidole hatua chache mbele ya dishi, ambako tangi jipya la maji lilikuwa limesimama, jeusi, la plastiki, refu kuliko mtu. "Tangi hilo nimelihangaikia mwaka mzima. Linataka kukaa juu ya nguzo nene, na nguzo nene iko chini ya dishi lako. Niambie, kwa nini watoto waendelee kubeba ndoo ili sinia lako lisikilize kelele?"

Hapo ndipo neno lilipomtoka Mwalimu kabla hajalipima. "Kwa sababu litaongea na mwezi."

"Litaongea na nani?"

"Mwezi, Mkuu. Tunarusha mlio mmoja, tiii, unakwenda mpaka mwezini, unagonga, unarudi. Sekunde mbili na nusu, kwenda na kurudi. Utausikia kwa masikio yako mwenyewe."

Mkuu alikuwa mwanamke wa haki, lakini haki yake ilikuwa na tarehe. "Jumamosi wazazi wanakuja. Mwezi ukiitika mbele yao, dishi linabaki, na tangi nitalitengenezea stendi ya chuma upande wa pili wa paa. Usipoitika, nampandisha Cheche na msumeno wake siku hiyo hiyo."

Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea, karakana yake ng'ambo ya barabara, mkabala na lango. Habari zilimfikia kabla Mkuu hajamaliza kushuka ngazi. Jioni hiyo alisimama barabarani, jicho moja limefumbwa, akilipima dishi kwa kidole gumba.

"Mwalimu, shikamoo! Hilo ni milango miwili ya banda la kuku, na bado chenji inabaki!"

"Marahaba. Na kuku wako walale macho!"

Mwalimu alicheka, lakini alipofika nyumbani alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Baba yake alikuwa mezani, amefungua redio ya jirani vipande vipande.

"Baba, nimeahidi mwezi."

Mzee hakuinua hata macho. "Mwezi ni jambo dogo. Mimi enzi zangu kwenye mnara wa mawasiliano niliuita, ukaitika, tukaongea mpaka bosi akaja kuuliza nani analipia simu."

"Baba, nakuomba. Leo usinitanie."

Hapo mzee akaweka bisibisi chini. Alimjua binti yake. Alimwona alivyokuwa akitumia kila Jumapili juu ya paa lile, kucha zimejaa grisi, akijenga kitu ambacho hata walimu wenzake walikiita mwavuli wa mwendawazimu. "Sawa. Tatizo lako ni nini?"

"Mlio ukirudi utakuwa umekonda, Baba. Umekonda kuliko kitu chochote. Kelele ndogo tu inaumeza."

"Basi tunawinda kelele," akasema mzee, na macho yakamwaka kama ya mtoto aliyeambiwa hakuna shule.

Wiki hiyo, jamani, ilikuwa wiki! Klabu ya redio ya wanafunzi ilihamia juu ya paa, na nyuma ya dishi wakaweka meza, redio, spika, na mita yenye mshale mwembamba wa kuonyesha ukubwa wa kelele kwa desibeli. Kazi ya kwanza ilikuwa kuipima redio yenyewe. Mwalimu akalichomoa dishi kwenye redio, mahali pake akaweka rezista, kizuizi cha umeme kidogo kama punje ya mchele, kwenye waya mrefu.

"Kila kitu chenye joto kinapiga kelele," akawaambia wanafunzi. "Ndani ya waya kuna chembe za umeme, nazo hazitulii, zinatetemeka kama nyie mkiwa mstarini mnangoja kengele. Ukizipoza zinatulia kidogo, ukizipasha zinacheza. Na redio nayo ina kelele zake za tumboni. Redio mbaya ina kelele nyingi mno, haijui barafu wala moto. Redio nzuri inajua. Baba, lete vyombo."

Mzee alipanda na sufuria mbili, moja ya barafu, nyingine ya maji yanayochemka, akipiga kelele "Moto! Moto! Pisheni!" utadhani anapeleka chakula cha harusi. Rezista ikazamishwa kwenye barafu. Spika ikatoa shhhh, laini, kama mtu anayemwaga mchanga mbali. Mshale ukatulia. Kisha rezista ikahamishiwa kwenye maji ya moto.

Mshale ukapanda! Kidogo, desibeli moja na ushei, lakini ulipanda na kukaa huko. Wanafunzi wakapiga makofi kana kwamba ni goli.

"Hiyo ndiyo redio," akasema Mwalimu, penseli ikimwanguka kichwani. "Inajua joto!"

"Hilo si joto," mzee akadakia. "Mnarani kwetu palikuwa na joto mpaka chembe za umeme zinatoka nje ya waya kupunga upepo. Tulikuwa tunazirudisha kwa ufagio."

"Babu, na hazikuwapiga shoti?"

"Zilikuwa na adabu wakati ule."

Siku iliyofuata wakalielekeza dishi kwenye jua, kwa kuangalia kivuli cha antena kikiangukia katikati kabisa ya wavu, na shhhh ya jua ikaja kwa nguvu hivi kwamba mshale ukaruka desibeli kumi na tatu juu ya anga tupu. Dishi halikuwa na ulemavu wowote. Zilibaki kelele za mtaani, na hizo mzee alizitambua kwa sikio, moja moja, kama anaita watoto wake. Hii ya mmmm, mfululizo, ni taa ndefu ya maabara. Hii ya zzzz yenye kukatika ni mashine ya kinyozi wa pembeni. Na hii, trrra! trrra! inayorarua spika kama kitenge, hii haihitaji mtaalamu, huyu ni Cheche anachomelea.

Mwalimu akashuka kwenda kubembeleza. Kinyozi alikubali, ila akataka aambiwe mapema ili asimwache mtu na kichwa nusu. Cheche akaivua miwani yake ya giza.

"Yaani nizime mashine, ili ufaulu, ili mimi nikose dishi?"

"Nusu saa tu, fundi, Jumamosi."

Cheche akafikiri, akatema mate pembeni. "Nazima. Sitaki baadaye useme nilikufelisha. Dishi nalitaka kwa haki."

Kila kitu kilikuwa kinakwenda kama maji kwenye mfereji. Mwezi wa wiki ile ulikuwa mwezi wa mchana, ule mweupe unaochomoza watu wakiwa kazini, na kila siku ulichelewa karibu saa nzima kuliko jana yake. Jumatano ulipokaribia kuchungulia, Mwalimu aliliteremsha dishi lielekee chini, upande wa tangi, ambako ungetokea. Mwanafunzi mmoja akainua mkono.

"Mwalimu, tangi halitatuzibia?"

"Swali zuri. Kwa macho yako tangi hilo ni jeusi. Kwa dishi ni kama kioo cha dirisha. Mawimbi yanapita kwenye plastiki kama hakuna kitu. Likijazwa maji, hapo ndipo litakuwa ukuta. Sasa hivi ni tupu, lisahauni."

Wakalisahau. Naye akalisahau. Akaandika daftarini kiwango cha kelele, mshale ukiwa umelala chini vizuri. Mwezi ukatoa kipara chake juu ya mapaa.

Na mshale ukapanda.

Hapakuwa na trrra, hapakuwa na mmmm. Ilikuwa shhhh tupu, laini, haina mdundo, haina mkatiko. Desibeli moja na ushei. Ikakaa, ikakaa, kisha baada ya muda ikaondoka yenyewe.

"Mwezi wenyewe ndio una joto?" akajiuliza Mwalimu. Akapiga hesabu. Mwezi una joto, ndiyo, lakini kwa dishi lile ungesogeza mshale kidogo sana, si namna ile. Ardhi nayo ni ya joto, na dishi likiinama huwa linaiona kwa pembeni. Basi akaligeuza kushoto, mwinamo ule ule, kelele ikawa chini. Akalirudisha. Kelele ikawa chini pia, maana ilikuwa imeshaondoka.

Alhamisi ikarudi, saa ya mwezi kuchomoza, kama mtu mwenye miadi. Ijumaa ikarudi tena.

Mwalimu alizima taa, friji ya maabara, feni, akawatuma wanafunzi kukusanya simu zote kwenye kapu. Kelele ikabaki pale pale. Alimtafuta baba yake asikilize kwa sikio lake, lakini wakati wa kelele mzee hakuonekana kamwe. Alitokea baadaye, shati limelowa jasho, akisema alikuwa sokoni.

"Ulivyonieleza, hiyo ni kelele ya joto," akasema mzee Ijumaa jioni, akijipepea kwa sahani. "Haina mdundo. Pengine jua lina homa. Niliwahi kuliona jua likipiga chafya, mnara mzima ukainama."

"Inameza mlio wangu, Baba. Nimefanya hesabu. Bila kelele hii tunausikia. Na kelele hii ikiwepo, hatuusikii. Ni hivyo tu." Akachomoa penseli kwenye nywele, akaitupa mezani. "Kesho Cheche anapanda."

 Mzee akapiga meza kwa kiganja. "Sikia. Mwenye kelele hii akipatikana, awe nani awe nani, atajaza tangi la Mkuu kwa ndoo. Peke yake. Kwa ngazi. Natangaza mimi."

"Hata akiwa Cheche?"

"Hata akiwa waziri! Na mwezi utaitika, mwanangu. Hilo mwachie baba yako."

Mwalimu alicheka huku akifuta pua. Hakuuliza "mwachie baba yako" maana yake nini. Angeuliza, hadithi ingeishia hapa.

Jumamosi shule ilijaa. Wazazi walipanda juu ya paa wakajipanga nyuma ya meza, kamba nyekundu ikiwa imezungushwa mbele ya dishi na kibao: HAPANA KUPITA WAKATI WA KURUSHA. Mkuu alikaa kwenye kiti cha mbele. Cheche alikuja na msumeno, akauweka miguuni kama mtu aliyekuja na mtoto. Kinyozi alizima, akapanda na mteja wake shuka shingoni. Taa zikazimwa, friji ikazimwa. Watu kwa kusikia habari za kelele wakaanza kunong'ona, mama mmoja akamziba mtoto mdomo, na Mwalimu akawaambia jamani, ongeeni tu, midomo yenu haina umeme. Lakini hakuna aliyethubutu.

"Baba yako yuko wapi?" Mkuu akanong'ona.

"Ameniambia tumbo linamsumbua, Mkuu."

Mwezi ukachungulia, mweupe kama kipande cha nazi. Mshale ukapanda. Desibeli moja na ushei. Watu wote wale walikuwa wakimtazama Mwalimu. Akaweka kidole kwenye kitufe.

Tiiii.

Kimya. Shhhh. Moja... mbili...

Tiiii!

Ilitoka kwenye spika, nene, safi, imenyooka! Paa zima lililipuka. Wazazi walikumbatiana, wanafunzi waliruka wakiitana, kinyozi alimpiga busu mteja wake kipande kilichonyolewa. Mkuu alisimama, mkono kifuani. "Umeitika! Mwalimu, umeitika!" Hata Cheche alivua kofia, akaitazama milango yake ya kuku ikienda zake.

Mwalimu peke yake hakuruka.  Mlio ulikuwa mnene mno. Mwezi hauitiki kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Tena ulirudi na sauti ile ile, na haiwezekani; mwezi unapochomoza, dunia inatubeba kuuelekea, na mlio unaporudi huwa umepanda kidogo, mwembamba, kama king'ora cha gari linalokuja. Akaligeuza dishi kidogo kushoto, akarusha. Kimya. Akalirudisha. Tiiii, ukaitika. Yeyote aliyekuwa akiitika alikuwa huko huko, kwenye mstari wa mwezi.

Akatazama mshale. Kisha akatazama sufuria mbili zilizosahauliwa chini ya meza.

Joto. Redio yake ilijua joto.

"Ngojeni kwanza," akasema, na kelele za shangwe zikashuka. Akaliinua dishi taratibu, mshale ukaanguka. Akaliteremsha; mshale ukapanda. Akaandika tarakimu mbili tatu kwenye kiganja chake. "Mbele ya dishi langu kuna kitu. Ama ni kitu kidogo cha moto kama pasi, ama ni kitu kikubwa chenye joto la mwili. Pasi hakuna. Basi ni mwili. Umeziba kama sehemu moja ya kumi ya dishi." Akapiga hesabu tena. "Ni mwili wenye kitambi."

Watu wakatazamana, kila mwanamume akavuta tumbo ndani.

Mbele ya dishi hapakuwa na mtu. Palikuwa na kamba, na tangi, na mwezi. Tangi alilowaambia watoto walisahau, kwa sababu dishi linaliona kama kioo. Tangi ambalo, kwa hiyo hiyo, hakuna aliyewahi kulichungulia ndani.

Mwalimu hakulisogelea. Aliweka jicho kwenye mshale, akapaza sauti tamu kabisa: "Mkuu, nani atakunywa chai ya tangawizi?"

Mshale ukatikisika.

"Ipo na sukari ya kutosha!"

Mshale ukaruka, ukarudi, ukaruka.

"Baba," akasema Mwalimu. "Toka humo."

 Mfuniko wa tangi ukainuka, kikatokea kipara kinachotiririka jasho, kikafuatiwa na mkono umeshika redio ndogo ya kurushia iliyofungwa kwa utepe.

"Ni chai ya maziwa au ya rangi?" kikauliza kipara.

Sitawaficha, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Lakini Mwalimu alikuwa ameshavuka kamba, na hakuwa akicheka. "Baba, nimekurushia mawimbi! Kibao hukukiona? Na kama ungeungua?"

"Nilihisi uvuguvugu, nikadhani ni fahari ya baba."

"Na jana? Na juzi? Na Jumatano?"

"Nilikuwa najifunza. Nikichoka nalala chini humo ndani mpaka mshuke. Kuhesabu sekunde mbili na nusu si mchezo. Tena ilinibidi niwe mbele kabisa, maana najua wewe, ukishuku tu utaligeuza dishi." Mzee akashusha macho. "Sikutaka Cheche alikate, mwanangu. Nimekuona Jumapili zote hizo."

"Baba yangu," akasema Mwalimu, na sasa hasira na kicheko vilikuwa vinagombania mdomo wake. "Kelele niliyoitafuta wiki nzima ni wewe. Mlio wangu umekuwa ukimezwa na wewe. Ulikuwa unauziba mwezi ili uigize mwezi!"

Mzee akapangusa kipara kwa mkono wa shati. 

"Kwa hiyo mwezi haukuitika?" Cheche akauliza, mkono ukirudi kwenye msumeno.

"Haujaulizwa bado," akasema Mwalimu. "Mkuu, naomba mara moja. Mara moja ya kweli."

Mkuu alimtazama mzee aliyelowa, akamtazama binti. "Mzee apite nyuma ya kamba. Nyuma kabisa. Nyuma yangu."

Mzee akavutwa kutoka kwenye tangi na watu wawili. Alipokuwa akipita, wanafunzi wote walikuwa wameinamia mita, na wakauona mshale unavyoshuka, unashuka, mpaka chini kabisa ulikotakiwa kuwa. Spika ikawa nyororo kama pumzi ya mtu aliyelala. Mwalimu akachukua mkono wa Mkuu, akaweka kidole cha Mkuu juu ya kitufe.

Tiiii.

 Moja. Mbili.

Na pale chini ya shhhh, mbali, kama uzi unaovutwa kwenye kitambaa, ukaja. Mwembamba. Umepanda sauti kidogo. Ti...iii. Haukuwa hata robo ya ule wa tangi. Mtu angeweza kuapa hakuusikia.

"Tena," akasema Mkuu. Akabonyeza mwenyewe. Tiiii. Moja, mbili. Tiii.

"Tena!" Akabonyeza. Ukaja. Sasa wote walijua mahali pa kuusikiliza, na wote waliusikia, na hakuna aliyepiga kelele. Waliduwaa, wanauangalia mwezi ule wa mchana kama jirani ambaye siku zote walidhani ni bubu. Mkuu alibonyeza mpaka Mwalimu akamwomba kwa upole awaachie na wazazi wengine.

Cheche alikuwa wa kwanza kuvunja kimya. Alinyanyua msumeno wake, akauweka begani. "Haya. Hiyo stendi ya tangi mnaitaka ya miguu minne au sita?"

Hapo ndipo shangwe zilipoanza upya, na hizo zilikuwa za kweli. Tangi likahamishiwa upande wa pili juu ya stendi ya chuma, na Mkuu, ambaye habari za ile ahadi ya Ijumaa alishapewa, akamkabidhi mzee ndoo kwa mikono miwili, kama anamkabidhi cheti. Naye mzee yule hodari akalijaza tangi lote siku ile ile, akipanda ngazi mbili mbili huku akiimba, mpaka maji yakafurika, na watu wakasema hawajaona...

Ngojeni. Kuna mtu nyuma ya kiti changu. Ana penseli kwenye nywele, na anasoma.

"'Mzee mtanashati'?" anasema. "'Kifua mbele'? Baba!"

"Ni hadithi tu, mwanangu. Mzee mmoja huko."

"Na nani aliliviringisha dishi? Lililetwa na lori, wewe umekaa mbele na dereva unamwelekeza njia asiyoihitaji."

"Kidogo liliviringika. Wakati wa kulishusha."

"Na tangi ulilijaza lini? Ulibeba ndoo sita, ukasema mgongo, ukaenda kusimulia mwezi karakanani kwa Cheche. Leo asubuhi Mkuu ameniuliza mara mbili." Ameshika karatasi ya kwanza, anasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama hakimu: "'Nitalipa papo hapo, mbele ya kila mtu, bila kuomba muda.' Huu mwandiko wa nani?"

Nimetazama juu ya kabati. Kopo la chumvi halipo. Liko hapa mezani, karibu na kiwiko changu, na mfuniko uko wazi.

Basi jamani, niacheni nimalizie hapa, kalamu ninaiweka. Ndoo iko mlangoni, yeye ameshaenda kusimama juu ya paa la shule na mita yake, na amesema nikipumzika kwenye ngazi mshale utamwambia.